Jinsi ya kutoa kazi yako bure bila kuiacha yatima

Mwaka 2016 niliandika kijitabu cha kurasa 48 cha kumfundisha mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta. Kiswahili kitupu, michoro niliyochora mwenyewe, mifano ya daftari la madeni la Mangi na orodha ya michango ya harusi. Sikukiuza. Nilikuwa nimechoka kurudia maelezo yale yale kwa kila kijana anayeingia stesheneri kwangu hapa Savei, Dar es Salaam, akitaka nimfundishe "kidogo tu, mama", basi faili nikaliweka kwenye flashi nikawa nagawa. Chukua, kasome, mpe na mwenzio.

Yakatokea mawili. Duka moja Kariakoo liling'oa kava langu, likabandika lake, likawa linauza shilingi 5,000. Liliniuma, sikatai. Ila lililoninyima usingizi ni la pili. Mwalimu mmoja wa Mbagala alikipenda kile kijitabu, akataka kutoa kopi 40 za darasa lake la jioni. Muungwana yule; akaona aombe ruhusa kwanza. Namba iliyokuwa nyuma ya kijitabu nilikuwa nimeshaiacha zamani. Alipiga wiki mbili, hakupata mtu, akaacha. Muhula mzima darasa likaenda na chaki na ubao. Niliyajua hayo mwaka uliofuata, tulipokutana msibani na mtu akanitambulisha kwake. Mwizi hakuwa na shida na ruhusa yangu. Aliyeihitaji ni muungwana, na ndiye niliyemkosesha, wakati nia yangu yote ilikuwa apate.

Tangu hapo, kila anayeniletea kazi ya kugawa bure namkalisha kwenye stuli kabla sijawasha mashine. Namwambia haya.

Kimya chako ni kufuli

Mtaani watu wanaamini kazi isiyosajiliwa haina mwenyewe, na kwamba ukikuta kitu mtandaoni hakina ile alama ya © basi ni cha umma. Ni kinyume chake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi tangu mtu anapoitunga, awe ameisajili au hajaisajili. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania imo tangu 1994, nao unasema haki za mtunzi zisitegemee usajili wala alama. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania Bara, wanasajili, na cheti chao kinakusaidia siku ya kuthibitisha nani alitangulia, kwa hiyo kachukue. Lakini haki yako haianzii dirishani kwao. (Na si BRELA, jamani. Wateja wangu nusu hukimbilia BRELA. Kule ni majina ya biashara, alama za biashara na hataza. Kitabu chako hakihusiki. Walio Zanzibar wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao.)

Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hesabu ya sheria yetu, ulinzi wa maandishi yake uliisha na mwaka 2012. Nasema maandishi yake. Utangulizi ulioandikwa na mhariri juzi juzi, au mchoro mpya wa kava, una mtunzi wake mwingine na miaka yake mingine. Uingereza wao wanahesabu 70.

Sasa jiwekee hesabu hiyo wewe mwenye notsi zako. Umeziweka kwenye grupu la WhatsApp, hukuandika neno. Moyoni umetoa sadaka. Kisheria umefunga mlango na ufunguo umekaa nao mfukoni, na mlango huo utabaki umefungwa mpaka wajukuu zako wapate mvi. Anayetaka kunakili, kutafsiri au kupunguza sura mbili anapaswa akutafute akuulize. Wasiojali hawatauliza.

Sheria yenyewe imeacha madirisha machache wazi. Kunukuu kwa kiasi na kutaja ulikotoa kunaruhusiwa, na kutumia kipande kama mfano wa kufundishia kunaruhusiwa. Matini ya sheria na hukumu za mahakama hazina hakimiliki. Wazo nalo halina: mtu akisoma maelezo yako ya usanisinuru akaandika ya kwake kwa maneno yake, hajakuibia. Zaidi ya hapo, ruhusa lazima itoke kwako, na dawa ni kuitoa mapema, kwa maandishi, kwa watu wote kwa mkupuo. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo inayoitwa leseni huru.

Hakikisha unachogawa ni chako

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama, na ndipo nakaa sana na mteja.

Mwaka jana alikuja mwalimu wa Baiolojia na notsi za Kidato cha Pili, kurasa 62, alizoziandika na kuzirekebisha miaka saba. "Mama, nataka zimfikie kila mtoto, bure kabisa." Nikamwambia vizuri sana mwalimu, tuanze na picha. Zilikuwa 23. Tukapita moja moja: hii umeitoa wapi? Kumi alichora mwenyewe. Tisa alizipiga kwa simu kutoka kitabu kimoja cha Uingereza. Nne, akasema, "nilizitoa Google."

Google hana picha. Google ni dalali. Anakupitisha kwenye nyumba za watu, na dalali kukufungulia geti hakukufanyi mwenye nyumba. Huwezi kumpa mtu ruhusa ambayo wewe mwenyewe huna. Ukiweka leseni huru kwenye notsi zenye moyo wa binadamu ulioutoa kwenye kitabu cha mtu, umewatia watoto wa watu kwenye kosa huku wakidhani wako salama.

Tulifanya hivi. Picha sita tulizipata Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha zenye leseni huru, ambako kila picha ina ukurasa wake unaoonyesha aliyeipiga au kuichora na leseni aliyoitoa nayo. Saba zilizobaki nilimpelekea kijana anayechora mabango Mwenge. Alizichora kwa siku mbili, shilingi 5,000 kila mmoja, jumla 35,000, na mchoro wa figo ukatoka mzuri kuliko ule wa Mwingereza. Mwalimu akataka kulipa na kuondoka. Nikamzuia. Kumlipa fundi na kupewa ruhusa ya kuigawa kazi yake ni vitu viwili. Nikachapa karatasi moja: nimechora michoro saba ya notsi hizi, nimelipwa, nakubali itolewe pamoja na notsi kwa leseni iliyotajwa hapa, jina langu litajwe. Sahihi mbili, tarehe, kila mmoja na nakala yake. Dakika kumi.

Ukiwa umeajiriwa, soma mkataba wako wa kazi kabla ya kunijia. Notsi ulizoziandika kwa saa za mwajiri na kwa agizo lake huenda mkataba umempa yeye. Na kama mliandika wawili, wawili wote mkubali. Nimeshuhudia uchumba wa kielimu ukivunjika juu ya jambo hili.

Kuchagua herufi

Usitunge masharti yako mwenyewe. Watu huniletea aya kama "ruhusa kutumia kwa nia njema", na hakuna anayejua nia njema inaishia wapi. Tumia leseni za Creative Commons, kwa kifupi CC. Shirika hilo lilianzishwa Marekani mwaka 2001, leseni za kwanza zikatoka Desemba 2002, na toleo la 4.0 linalotumika sasa ni la 2013. Ziko sita, zimejengwa kwa herufi chache:

BY ni nitaje. Imo kwenye zote sita.
SA ni ukiibadilisha na kuisambaza, nayo itoke kwa leseni hii hii.
NC ni usiitumie kibiashara.
ND ni unaweza kuinakili, ila usisambaze uliyoibadilisha.

Ipo pia CC0, ambayo mtu anaachia kila kitu, hata kutajwa. Inafaa kwa majedwali ya takwimu. Kwa maandishi, sisi tunapenda majina yetu.

ND huchaguliwa na watu waoga, na ninaelewa: hutaki mtu akuharibie maneno. Lakini angalia nchi uliyopo. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akiingia Kidato cha Kwanza anakutana na Kiingereza karibu kila somo. Kitu kinachohitajika kuliko vyote ni mtu wa kutafsiri, na tafsiri ni badiliko. Notsi za Kiingereza zenye ND haziwezi kusambazwa kwa Kiswahili mpaka mwenyewe apatikane. Umerudi kule kule kwa mwalimu wa Mbagala na simu isiyopokelewa.

NC ni kesi ngumu zaidi, na inanihusu mimi mwenye mashine. Mwalimu akileta kitabu chenye NC nikamtolea kopi 40 kwa shilingi 100 ukurasa, je, nimekitumia kibiashara? Swali hili lilifika mahakamani Marekani. Shirika la Great Minds lilitoa vitabu vyake vya hesabu kwa leseni ya BY-NC-SA. Shule zikavipeleka FedEx Office kutolewa kopi, FedEx ikachukua malipo yake ya kopi, Great Minds ikashtaki. Mwaka 2018 mahakama ya rufani New York ikasema shule ndiyo inayotumia kitabu, tena kwa kufundishia; mwenye mashine ni mkono tu uliotumwa. Mwaka 2019 mahakama nyingine ya rufani huko huko Marekani ikasema vivyo hivyo kwenye kesi ya Great Minds na Office Depot. Hukumu za Marekani hazimfungi hakimu wa Kisutu, ila hoja yenyewe naiona ya haki na ndiyo ninayoifuata dukani. Ukija na kitabu ukaniagiza, mimi mkono wako. Nikichapa kopi 200 kabla hujaja nikazipanga mezani kusubiri wanunuzi, hapo mimi ni mfanyabiashara na NC inanihusu.

Shida ni kwamba wenzangu wengi hawaijui tofauti hiyo. Wakiona "si kwa biashara" wanakataa kabisa kuitoa, au wanaitoa kwa kificho. Na Wikimedia Commons hawapokei kazi yenye NC wala ND. Kwa hiyo kwa vitabu vya kufundishia nashauri BY au BY-SA. Mimi mwenyewe nipo BY-SA. Kama unaandika mashairi au una picha unazotarajia kuwauzia watu wa matangazo, NC ina maana, chukua.

Kabla hujaamua, lala nayo siku mbili. Leseni hizi hazirudishwi. Unaweza kuacha kuigawa kesho, lakini aliyeipata leo kwa leseni anaendelea nayo. Mteja mmoja alirudi baada ya miezi mitatu akitaka nimfutie herufi kwa sababu amepata mchapishaji. Nilizifuta kwenye faili lake. Kwenye simu za watu ningezifutaje?

Kauli yenyewe, na pa kuiweka

Maneno ninayowachapia ni haya. Yachukue ubadilishe jina na mwaka:

"© 2024 Fulani binti Fulani. Kazi hii imetolewa kwa leseni ya CC BY-SA 4.0. Unaruhusiwa kuinakili, kuitafsiri, kuibadilisha na kuisambaza, hata kwa malipo, mradi unitaje, useme kama umebadilisha kitu, na utakachokitoa nacho kiwe na leseni hii hii. Masharti kamili: creativecommons.org/licenses/by-sa/4.0"

Alama ya © ibaki. Wapo wanaodhani ukitoa leseni huru umeacha hakimiliki. Hapana, mwenye nyumba aliyekaribisha wageni bado ni mwenye nyumba.

Kauli kamili inakaa ukurasa wa pili. Lakini niamini mimi niliyesimama mbele ya mashine hii miaka 14: hakuna anayetoa kopi ukurasa wa pili. Mwanafunzi anakuja na shilingi 600, anasema nitolee ukurasa wa 31 hadi 36. Kava linabaki, ukurasa wa pili unabaki, kurasa sita zinaondoka zikiwa mayatima. Kesho zinatolewa kopi tena, keshokutwa mtu anazikusanya na nyingine anafanya bainding, na hapo hata mimi nisingejua nani aliandika. Kwa hiyo weka mstari mfupi chini ya kila ukurasa: jina la kazi, jina lako, CC BY-SA 4.0. Basi. Usiweke vile vialama vidogo vya duara vya leseni peke yake; kopi ya tatu vinageuka madoa. Usiweke kwa rangi ya kijivu kwa sababu tu imependeza kwenye skrini. Mashine zetu hazioni kijivu. Nyeusi, ukubwa wa herufi 9 au zaidi, na usiubane sana chini kwani mashine nyingi hukata ukingo wa karatasi.

Namba ya simu weka ukitaka, ila usiitegemee. Barua pepe hudumu zaidi.

Kwa picha, ujue kwamba WhatsApp ukituma picha kama picha, inaibana na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, pamoja na jina la mpigaji kama lilikuwamo. Itume kama dokumenti. Na jina lako liwe pia kwenye jina la faili: "ferikigamboni-jinalako-CCBY.jpg" linafika mbali kuliko "IMG_2291".

Toa faili linaloguswa

Umesema watu wanaruhusiwa kubadilisha, halafu umewapa PDF iliyoskaniwa. Hiyo ni sawa na kumkaribisha mtu chakula ukamfunga mikono. Toa PDF ya kuchapa, na pembeni yake toa faili la Word lenyewe.

Kuna sababu nyingine. Asiyeona hutumia programu inayomsomea maandishi kwa sauti, na ukurasa ulioskaniwa kwake ni picha tupu. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa 2013, unaohusu vitabu kutengenezwa kwa namna wasioona wanavyoweza kuvisoma bila kugongana na hakimiliki. Ukitoa faili lenye maandishi halisi umeshawapunguzia watu hao nusu ya kazi.

Pa kuliweka: grupu la WhatsApp ni mahali pa kutangazia, si pa kuhifadhia. Simu ikiibwa daladalani na maktaba imekwenda. Picha na michoro peleka Wikimedia Commons. Ripoti, takwimu na vitini peleka Zenodo, hifadhi ya bure inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi, tangu 2013. Inakuuliza leseni wakati wa kupakia na inaipa kazi yako namba ya kudumu ambayo wengine wataitumia kuinukuu. Kama chuo chako kina hifadhi yake mtandaoni, iweke na huko.

Na kuna jambo watu huchanganya: kusomeka bure si kuruhusiwa kuchapa. Vitabu vya Taasisi ya Elimu vinasomeka kwenye maktaba yao ya mtandaoni bila malipo, na bado hakimiliki ni ya Taasisi. Kuja kwangu na flashi ukaniambia "mama hiki ni cha bure, nichapie 100 nikauze" hakutakufikisha popote.

Walio chuoni

Wanafunzi wa uzamili huja na jambo lao. "Shikamoo mama." Marahaba mwanangu. "Makala yangu imechapwa, nataka niiweke mtandaoni watu waisome, lakini jarida wanataka msomaji alipe." Swali langu ni moja: ulisaini nini? "Fomu tu." Fomu ipi? Hapo kimya. Fomu tu ndiyo hakimiliki yake yote. Aliihamishia kwa jarida akiwa ndani ya mwendokasi, kwa kidole, kwenye simu.

Bado si mwisho. Tamko la Budapest la 2002 kuhusu utafiti wa wazi lilionyesha njia mbili: kuchapa kwenye jarida ambalo lenyewe liko wazi kwa kila msomaji, au mwandishi kuweka nakala yake kwenye hifadhi ya wazi. Majarida mengi ya kulipia huruhusu hii ya pili, ila kwa nakala maalumu: ile uliyowarudishia baada ya wahakiki kukusahihisha, kabla wao hawajaipanga kwenye kurasa zao zenye nembo. PDF yao iliyopendeza usiiguse. Kwa hiyo tangu leo tunza mafaili matatu kwa majina tofauti: uliyotuma, iliyokubaliwa, iliyochapwa. Nimewaona watu wazima wakikosa haki yao kwa sababu tu ile ya katikati waliifuta kupunguza nafasi kwenye flashi. Sera ya kila jarida imeandikwa kwenye tovuti yake. Wengine huruhusu mara moja, wengine baada ya miezi kadhaa. Isome kabla ya kutuma makala, si baada.

Na jarida linalokuahidi kukuchapa ndani ya siku tatu ukitanguliza dola, litafute kwanza kwenye DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanza 2003. Usipoliona, rudisha pochi mfukoni uliza msimamizi wako.

Ukitumia ya wenzako

Taja vitu vinne: jina la kazi, mwenye kazi, ulikoitoa, leseni. Ukibadilisha, sema. Pembeni ya picha au ukurasa wa mwisho, popote msomaji atapaona. "Picha: intaneti" si kutaja.

Nami niseme ukweli wangu. Miaka ya mwanzo nilitoa kopi za vitabu vizima, kava mpaka kava, msimu wa mitihani foleni ikifika barabarani. Nilikuwa na kodi ya fremu na mtoto wa Kidato cha Tatu. Siku nilipolikuta jina langu limeng'olewa kule Kariakoo ndipo nilipowakumbuka wale waandishi wote. Siku hizi kitabu kizima naomba nione leseni, na wengine wanaondoka wakinuna kwenda duka la pili.

Wakikuvunjia

Nunua nakala moja, omba risiti, piga picha duka lilivyo. Kisha andika ujumbe wa kistaarabu. Leseni za toleo la 4.0 zinasema anayevunja masharti anapoteza ruhusa papo hapo, lakini akirekebisha ndani ya siku 30 tangu kugundua kosa lake, ruhusa inarudi yenyewe. Kwa hiyo mwombe arekebishe, usianze na vitisho. Akikaidi, nenda COSOTA na ushahidi wako, na hapo ndipo kile cheti cha usajili kinakufaa.

Kijitabu changu nilikitoa upya mwaka 2018 kwa BY-SA. Wale wa Kariakoo wanakiuza mpaka leo. Nilipita mwezi uliopita nikanunua kimoja: 6,000 sasa hivi, jina langu lipo, leseni ipo chini ya kila ukurasa. Wanaruhusiwa, nililipa nikaondoka. Mwalimu wa cherehani Temeke ameondoa sura yangu ya michango ya harusi akaweka daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, urefu wa mkono, na kuna fomula ya kukokotoa mita za kitambaa ambayo mimi nisingeiwaza. Yule wa Mbagala ametoa kopi bila kunipigia simu.

Ukimaliza yote, njoo nalo dukani, kwangu au kwa mwingine. Chapa ukurasa mmoja wa katikati. Toa kopi yake, kisha kopi ya kopi, kisha kopi ya hiyo. Ipeleke ile ya mwisho mlangoni kwenye mwanga, mpe mtu asiyekujua aisome mstari wa chini. Akishindwa kulisoma jina lako, rudi kwenye faili uongeze ukubwa wa herufi. Akiweza, tuma.